Programu za kuchora kwenye kompyuta za kwanza za nyumbani: watumiaji walisifu nini, walilalamikia nini?

Msikilizaji, ukitaka kuandika bei juu ya picha ya mbuzi unayemuuza, au kuweka jina la kikundi kwenye tangazo la mkutano, simu yako inakuonyesha alama chache: brashi, kifutio, ndoo ya kumwaga rangi, herufi ya kuandikia, na mshale uliopinda kurudi nyuma kwa ajili ya kuondoa kosa. Alama hizo hazikuanza na simu. Watu wa kawaida walianza kuzizoea katika miaka ya 1980, kwenye kompyuta ndogo zilizouzwa Marekani na Ulaya kwa matumizi ya nyumbani.

Katika makala haya tunaeleza programu hizo zilikuwa zipi, zilifanyaje kazi, na waliozinunua walisema nini juu yake. Maoni yao yanajulikana kwa sababu yalichapishwa wakati ule. Magazeti ya kompyuta yalikuwa na kurasa za barua za wasomaji na kurasa za kupima bidhaa. Vilikuwepo pia vyama vya watumiaji, kama Boston Computer Society kilichoanzishwa Marekani mwaka 1977, ambako watu walikutana, wakaonyeshana programu na kuambiana ipi inafaa na ipi ni kupoteza fedha.

Tumechagua mada hii kwa kuwa maswali waliyouliza watu wale ndiyo yanayomhusu mwenye simu leo: Je, programu itaingia kwenye chombo changu? Nikikosea nitarudi nyuma? Kazi yangu nitaihifadhi wapi? Na kama programu ikifa, picha zangu nazo zitakufa?

Kompyuta hizo zilikuwaje?

Programu za kuchora zilikuwepo kabla ya miaka ya 1980. Mwaka 1973, Richard Shoup alitengeneza programu iliyoitwa SuperPaint katika maabara ya kampuni ya Xerox huko California. Lakini mitambo ya namna hiyo ilikuwa ya maabara na vituo vya televisheni, na bei yake haikufikiwa na familia ya kawaida.

Mambo yalibadilika zilipokuja kompyuta za bei nafuu. Mwaka 1982 Uingereza ilipata ZX Spectrum ya kampuni ya Sinclair. Yenye kumbukumbu ya kilobaiti 48 iliuzwa pauni 175. Mwaka huohuo Marekani ilipata Commodore 64, yenye kilobaiti 64, kwa dola 595, na bei yake ikaendelea kushuka. Commodore 64 iliuzwa zaidi ya milioni 10 duniani. Januari 1984 kampuni ya Apple ilitoa Macintosh, yenye kilobaiti 128, kwa dola 2,495. Mwaka 1985 zikafuata Atari ST na Amiga.

Ili upate picha ya udogo wa vyombo hivi, chukua picha moja ya simu yenye ukubwa wa megabaiti 3. Picha hiyo peke yake ni zaidi ya mara 60 ya kumbukumbu yote ya ile Spectrum ya kilobaiti 48. Na katika kumbukumbu hiyo ilibidi viingie vyote kwa pamoja: programu yenyewe, picha inayochorwa, na nafasi ya kufanyia kazi.

Jambo lingine la kuelewa ni pikseli. Picha ya kwenye skrini ni nukta nyingi zilizopangwa kwa mistari, kama shanga zilizopangwa bapa. Kila nukta ni pikseli moja. Skrini ya Spectrum ilikuwa na nukta 256 kwa upana na 192 kwa urefu, jumla 49,152. Simu ya kawaida yenye skrini ya nukta 720 kwa 1,600 ina nukta zaidi ya milioni moja.

Spectrum: tatizo la rangi kuvamiana

Wachoraji wa Spectrum walikuwa na lalamiko moja kubwa lililozidi mengine yote, nalo lilihusu rangi.

Ili kuokoa kumbukumbu, watengenezaji wa Spectrum waliigawa skrini katika viboksi 768, kila kimoja nukta 8 kwa 8. Ndani ya kiboksi kimoja ziliruhusiwa rangi mbili tu. Fikiria mkeka wa ukili ambao kila mraba wake unakubali rangi mbili, basi. Ukichora jani la kijani juu ya ukuta mweupe, hakuna shida. Lakini ukipitisha ua jekundu karibu na jani hilo, ndani ya mraba uleule, rangi ya tatu haina pa kukaa. Ama jani linageuka jekundu, ama ua linageuka kijani.

Hili lilikuwa tatizo la mashine, na hakuna programu iliyoweza kuliondoa. Kwa hiyo watumiaji waliipima programu kwa namna ilivyowasaidia kuishi nalo. Programu iliyoonyesha mistari ya viboksi wakati wa kuchora ilipendwa, kwa sababu mchoraji aliweza kupanga mapema kila rangi ikae kwenye mraba wake.

Mwaka 1985 ilitoka programu iitwayo The Art Studio, iliyotengenezwa na OCP ya Uingereza. Ilisifiwa kwa sababu ilileta kwenye mashine ndogo mambo yaliyokuwa yakionekana kwenye kompyuta ghali: menyu zinazoshuka, madirisha, kukuza sehemu ya picha ili kurekebisha nukta mojamoja, na kujaza eneo kwa nakshi badala ya rangi tupu. Nakshi hizo zilikuwa na faida kubwa mahali ambapo rangi ni chache. Mchoraji aliweza kupata kivuli au ukuta wa matofali bila kuongeza rangi ya tatu.

Lalamiko la pili lilikuwa kasi. Programu zilihifadhiwa kwenye kaseti, zilezile za muziki. Kuingiza programu iliyojaza kumbukumbu yote kulichukua dakika nne au tano, na kaseti ikiwa na mkwaruzo au sauti ya redio kaseti isipowekwa sawasawa, kazi ilianza upya. Mtu aliyechora jioni nzima alikuwa na hofu moja: kuhifadhi picha kwenye kaseti, kisha kesho yake ikakataa kusomeka.

Commodore 64: kuchora kwa kidole, na ukurasa mzima

Wenye Commodore 64 walikuwa na rangi 16 na njia mbili za kuchora. Njia ya kwanza ilitoa nukta ndogondogo lakini rangi mbili tu katika kila kiboksi. Ya pili ilitoa rangi nne katika kiboksi, lakini nukta zikawa pana mara mbili, hivyo mstari wa mshazari ulionekana kama ngazi. Kila mtumiaji alichagua anachokikosa: rangi au usafi wa mstari.

Katika miaka hiyo ya mwanzo kampuni ya Koala Technologies ilileta kibao kilichoitwa KoalaPad, pamoja na programu yake ya kuchora. Kibao hicho kilikuwa kidogo, na mtu aliweza kuchora juu yake kwa kalamu isiyo na wino au hata kwa kidole. Wengi wetu tunadhani kuchora kwa kidole kumeanza na simu za kisasa, lakini watoto wa Marekani walikuwa wakifanya hivyo nyumbani na shuleni miaka 40 iliyopita.

Sifa kubwa ya KoalaPad ilikuwa urahisi. Mtoto hakuhitaji kuandika amri. Aligusa alama ya duara, akapata duara. Aligusa alama ya kujaza, rangi ikajaa. Lalamiko lilikuwa kwamba mkono ulitetemeka kwenye skrini: kibao hakikusoma mguso kwa usahihi mkubwa, kwa hiyo mstari ulionyooka kwenye kibao ulitoka na vinundu. Waliokuwa wakichora kwa ajili ya mchezo waliridhika. Waliotaka kazi safi walitumia kibao kupata umbo la jumla, kisha wakarekebisha nukta kwa nukta.

Mwaka 1986 kampuni ya Berkeley Softworks ilitoa GEOS. Hii ilikuwa zaidi ya programu ya kuchora. Iliigeuza Commodore 64 ikawa na madirisha, alama na menyu, ikiwa na geoWrite ya kuandikia na geoPaint ya kuchorea. Watumiaji walistaajabu kwamba mashine ya kilobaiti 64 iliweza kufanya mambo yaliyofanana na ya Macintosh, iliyouzwa kwa bei ya juu mara nyingi. Kwa geoPaint mtu aliweza kuchora ukurasa mzima wa karatasi na kuuchapa.

Lakini maoni juu ya GEOS yaligawanyika. Skrini ilionyesha sehemu tu ya ukurasa, na kila ulipohama, programu ilisoma tena kutoka kwenye disketi. Kisomeo cha disketi cha Commodore kilikuwa maarufu kwa uzito wake, kiasi cha baiti mia chache tu kwa sekunde. GEOS ilikuja na mbinu yake ya kuongeza kasi, ambayo ilisifiwa, lakini mwenye kisomeo kimoja bado alisubiri sana na kubadilisha disketi mara kwa mara. Mwenye kisomeo cha pili, kipanya na kumbukumbu ya ziada aliona GEOS ni nzuri. Mwenye mashine tupu na usukani wa michezo aliona ni mateso. Programu ilikuwa moja, na wote wawili walisema kweli.

Hapa kuna somo la kwanza. Ukisoma sifa za programu yoyote, uliza kwanza aliyeisifu anatumia chombo gani.

MacPaint: rangi mbili, lakini kila mtu aliielewa

Macintosh ya 1984 ilikuja na programu ya MacPaint, iliyoandikwa na Bill Atkinson, ambaye alifariki Juni 2025. Skrini ilikuwa nyeusi na nyeupe tu, nukta 512 kwa 342. Hata hivyo MacPaint ndiyo iliyoacha alama kubwa kuliko zote, kwa sababu ya mpangilio wake: kisanduku cha vifaa pembeni, kikiwa na penseli, brashi, kifutio, ndoo ya rangi, kopo la kupulizia, na kitanzi cha kukamatia sehemu ya picha. Chini ziliwekwa nakshi za kujazia.

Waliosifu walisema jambo moja kwa maneno mengi: hukuhitaji kufundishwa. Uliona ndoo, ukajua inamwaga. Uliona kifutio, ukajua kinafuta. Pia kilichoonekana kwenye skrini ndicho kilichotoka kwenye printa, jambo ambalo halikuwa la kawaida wakati huo.

Sifa nyingine ilikuwa kutendua, yaani kuondoa kosa la mwisho. Leo tunaliona jambo dogo, lakini lilikuwa na gharama. Ili kompyuta iweze kukurudisha nyuma, lazima itunze nakala ya picha ilivyokuwa kabla ya kosa. Picha ya skrini nzima ya Macintosh ilichukua karibu kilobaiti 22, na kila nakala ilikula kiasi hichohicho kutoka kwenye zile kilobaiti 128. MacPaint ilirudi hatua moja tu. Ukikosea, ukaendelea na mstari mwingine, kosa la kwanza lilibaki.

Malalamiko nayo yalikuwepo. Maandishi yaliyowekwa kwenye picha yaligeuka nukta, kwa hiyo ukigundua baadaye kwamba jina limekosewa herufi, ulifuta na kuandika upya. Mashine ya kwanza ilikuwa na kisomeo kimoja, na watumiaji walichoka kutoa disketi hii na kuingiza ile. Na kulikuwa na bei. Wengi walioisifu MacPaint waliiona dukani au kazini, kisha wakarudi nyumbani kwenye mashine za bei nafuu wakitamani programu inayofanana nayo. Tamaa hiyo ndiyo iliyofungua soko la GEOS na The Art Studio.

Amiga na Atari ST: mabishano ya mashabiki

Mwaka 1985 mashine mbili ziligawanya watu kama Simba na Yanga. Atari ST ilikuwa nafuu zaidi, na ikawa na skrini ya hiari ya nyeusi na nyeupe iliyokuwa safi sana. Katika hali yake ya kawaida ya michoro ilionyesha rangi 16 kwa pamoja, zilizochaguliwa kati ya 512. Amiga ya kampuni ya Commodore ilichagua kati ya rangi 4,096, na kwa kawaida ilionyesha hadi 32 kwa wakati mmoja.

Kwa Atari ST, Tom Hudson aliandika programu ya Degas. Watumiaji walipenda kwamba ilifanya kazi katika hali zote tatu za skrini ya mashine hiyo, tofauti na NEOchrome ya Atari wenyewe, iliyotumia hali ya rangi 16 tu. NEOchrome nayo ilitetewa na wengi kwa kuwa nyepesi na rahisi.

Kwa Amiga, Dan Silva aliandika Deluxe Paint, iliyotolewa na kampuni ya Electronic Arts mwishoni mwa 1985. Silva aliianza kama chombo cha wachoraji wa ndani ya kampuni, na pengine ndiyo sababu ilipendwa mno na watu wa kazi. Kipaji chake kikubwa kilikuwa brashi. Ungeweza kukata sehemu yoyote ya picha, iwe jani, jicho au tofali, kisha ukaitumia kama brashi na kuipaka popote. Mchoraji wa msitu alichora mti mmoja vizuri, akaupanda mara 50. Pia iliweza kuzungusha rangi ili maji yaonekane yanatiririka bila picha kuchorwa upya. Picha ya kinyago cha dhahabu cha Tutankhamun, mfalme wa Misri ya kale, iliyochorwa na Avril Harrison, ikawa tangazo lake linalokumbukwa hadi leo.

Waliolalamika walisema programu ilikula kumbukumbu, hasa toleo la tatu la 1989 lilipoleta picha zinazotembea. Wengine walikasirika kwamba Amiga yenyewe iliweza kuonyesha rangi zote 4,096 kwa pamoja, lakini Deluxe Paint haikuitumia hali hiyo hadi toleo la nne mwaka 1991. Kwa miaka hiyo yote aliyetaka rangi zote alinunua programu nyingine.

Hata hivyo Deluxe Paint ilidumu, na baadaye toleo lake la kompyuta za PC likatumiwa kuchorea michezo maarufu kama The Secret of Monkey Island ya 1990.

Malalamiko yaliyosikika kila mahali

Ukiacha mabishano ya mashabiki, kuna malalamiko matatu yaliyorudi kwenye kila aina ya kompyuta.

La kwanza ni kufuli la kunakili. Kampuni nyingi ziliuza programu kwenye disketi isiyoweza kunakiliwa, kuzuia wizi. Mnunuzi halali aliona anaadhibiwa yeye: disketi ikiharibika kwa vumbi au joto, hana nakala ya akiba, na fedha yake imekwenda.

La pili ni printa. Picha nzuri kwenye skrini ilitoka kwenye karatasi ikiwa imenyooshwa, imebanwa, au haina rangi. Mara nyingi programu ilijua printa chache tu. Kabla ya kununua, watu waliulizana kwanza: inakubali printa gani?

La tatu ni faili kufungiwa ndani. Kila programu ilihifadhi picha kwa muundo wake, kama fundi anayetumia spana yenye kipimo chake peke yake. Picha ya programu moja haikufunguka kwenye nyingine. Kwa sababu hiyo muundo wa IFF, ambao Electronic Arts iliutoa mwaka 1985 na kuuweka wazi kwa watengenezaji wote, ulipokewa vizuri. Kwenye Amiga, picha ya Deluxe Paint iliweza kufunguliwa na programu za kampuni nyingine, na mtumiaji hakufungwa na kampuni moja.

Picha za Warhol zilizokaa gizani karibu miaka 30

Lalamiko hili la tatu linaweza kuonekana dogo hadi uone kilichompata mchoraji maarufu wa Marekani, Andy Warhol.

Tarehe 23 Julai 1985, Amiga ilizinduliwa katika ukumbi wa Lincoln Center, New York. Warhol alipanda jukwaani na kuchora sura ya mwimbaji Debbie Harry kwa kompyuta hiyo, akijaza rangi mbele ya watazamaji. Aliendelea kuitumia na kuhifadhi picha zake kwenye disketi. Alifariki mwaka 1987. Disketi zikaingia kwenye hifadhi ya makumbusho yake huko Pittsburgh.

Zilikaa hapo kwa miaka mingi, na hakuna aliyejua kwa hakika zina nini. Msanii Cory Arcangel ndiye aliyeanzisha msako. Wanachama wa klabu ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walizisoma kwa uangalifu mkubwa, kwa kuwa hata kuzisoma kungeweza kuziharibu. Walipofanikiwa, wakakuta faili ziko katika muundo wa programu ya awali kabisa ambayo haikuwa hata imekamilika, na zana za kawaida hazikuzifungua. Ilibidi wachambue muundo huo wenyewe. Mwaka 2014 matokeo yalitangazwa: picha ambazo hazijawahi kuonekana, ikiwemo moja ya kopo la supu, alama ya kazi zake.

Warhol alikuwa na makumbusho, chuo kikuu na wataalamu wa kumtafutia picha zake. Maelfu ya watu wengine waliochora kwenye kaseti na disketi hawakuwa na mtu. Kazi zao nyingi zimekwenda.

Paint, na sauti ya watumiaji

Kwetu Afrika Mashariki mashine tulizozitaja hazikuenea majumbani. Wengi waliogusa kompyuta kwa mara ya kwanza shuleni, ofisini au kwenye kibanda cha intaneti walikutana na Windows ya kampuni ya Microsoft, na ndani yake programu ya Paint. Windows ilikuwa na programu ya kuchora tangu toleo lake la kwanza la Novemba 1985. Ukiitazama Paint, unaona kisanduku kilekile: penseli, ndoo, kifutio, kopo la kupulizia. Aliyejifunza kushika kipanya kwa kuchora nyumba na jua kwenye Paint alikuwa anatumia mawazo yaliyopitia mikononi mwa watu tuliowaeleza hapa.

Julai 2017 Microsoft ilitangaza kwamba Paint haitaendelezwa tena na huenda ikaondolewa. Watu duniani kote walipaza sauti. Hawakudai kwamba ni programu bora kuliko zote. Walisema ni rahisi, inafunguka upesi na haina gharama ya ziada. Haikupita muda Microsoft ikaeleza kwamba Paint itaendelea kupatikana bure, na bado ipo.

Mwenye simu achukue nini hapa?

Tumejumlisha maoni ya watumiaji wale katika mambo matano unayoweza kuyatumia unapopakua programu ya picha kwenye simu yako.

1. Pima kwa chombo chako. Programu inayosifiwa na mwenye simu ya bei kubwa inaweza kukwama kwenye yako. Angalia ukubwa wake na nafasi iliyobaki kwenye simu kabla ya kumaliza bando.

2. Jaribu kutendua. Chora mistari mitano, kisha bonyeza mshale wa kurudi nyuma mara tano. Kama inarudi mara moja tu, fanya kazi ukiwa umehifadhi nakala.

3. Hifadhi kwa muundo wa kawaida. Tafuta mahali pa kuhamishia picha kuwa JPEG au PNG, miundo inayofunguka karibu kila simu na kompyuta. Kazi inayofunguka ndani ya programu moja tu itaondoka nayo siku programu ikifutwa.

4. Weka nakala mahali pa pili. Kadi ya kumbukumbu, simu ya ndugu, au kompyuta ya shule. Kaseti na disketi ziliharibika, na simu nazo huanguka majini.

5. Jua unalipa nini na unapata nini. Programu nyingine ni bure mpaka unapotaka kuhifadhi, ndipo inadai fedha au inaweka chapa yake juu ya picha yako. Jaribu kuhifadhi picha moja mwanzoni kabisa, kabla hujatumia saa nzima kwenye tangazo la harusi au la mnada.

Zipo pia programu za zamani unazoweza kuzitazama. Jumba la makumbusho la Computer History Museum la California limeweka wazi maandishi ya asili ya MacPaint tangu 2010 na ya Deluxe Paint tangu 2015, ili anayesomea kompyuta aone zilivyoandikwa. Kijana wa kijijini mwenye simu na bando anaweza kuyasoma sawa na mwanafunzi wa chuo kikuu cha mbali.

Kama una kikundi, shule au ofisi ya kijiji yenye picha za zamani kwenye disketi, CD au simu iliyokufa kioo, usizitupe. Zipeleke mapema kwa fundi unayemwamini, ukae naye wakati anazihamisha, na uondoke na nakala mbili. Kila mwaka unaopita, vyombo vya kuzisomea vinapungua.